Redio Zilizojaribiwa Hotelini

Redio mpya za Kikosi cha Uokoaji cha Mwambao Salama zilijaribiwa katika ukumbi wa hoteli huko Diani, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kikipuliza polepole. Bwana Mramba, mkuu wa mawasiliano, alisimama pembe moja na redio yake, msaidizi wake pembe nyingine. Walisikizana vizuri sana. Hata bila redio wangesikizana.

Dama, mwendeshaji wa pampu, alinyoosha mkono. "Mzee, tungezijaribu kando ya pampu ikinguruma."

"Pampu haimo kwenye ratiba, dada. Kinachofuata ni chai."

Chai ikaombewa dua, ikanywewa. Kisha Mramba akatoa amri moja tu: adabu. Hakutaka watu wapayuke redioni kama wapiga debe wa Ukunda. Kila mwito uanze kwa salamu kamili.

Juma lililofuata moto ulishika jiko la Bi Mwanaima, mjane wa Msambweni. Jiko lilikuwa limepakana na nyumba yake ya makuti, na nyumba nyingine hakuwa nayo. Gari la zimamoto liliwahi, lakini tangi lake lilikuwa na maji ya dakika kumi tu. Boza la kuongezea maji lilikuwa Ukunda, na halingeweza kutoka bila amri ya Mramba, aliyekuwa kituoni Kwale.

Dama aliwasha pampu, akabonyeza redio.

"Shikamoo, Bwana Mramba."

"Marahaba, dada. Habari za huko?"

"Njema," akajibu Dama, kwani ndivyo alivyolelewa: mtu huanza na njema, mabaya yakafuata. Hapo mwenzake Luqman, aliyeshika mpira wa maji mlangoni, akainua mkono kuomba nguvu zaidi. Dama akaongeza mwendo, pampu ikanguruma, na yote aliyosema kuhusu mjane, nyumba na boza yakamezwa. Mwenyezi Mungu husikia dua hata katikati ya ngurumo. Kituo cha Kwale hakikujaliwa hivyo.

Mramba akaandika daftarini, "Msambweni: njema," akamruhusu dereva wa boza aende akale.

Dama aliita tena mara nne. Kila mara Mramba alisikia mngurumo, akasema kwa upole, "Rudia, dada, na usisahau salamu." Dama hakusikia hata hilo.

Dakika ya kumi maji yakaisha, pampu ikanyamaza. Moto ulikuwa umekwisha kupanda paa.

"Mzee, maji yameisha na nyumba inaungua. Tuletee boza."

"Sasa nakupata vizuri," akasema Mramba kwa furaha. "Kama tulivyokuwa ukumbini. Unaona? Redio hazina dosari."

"Zinasikika pampu ikizimwa, mzee. Nasi hatuzimi moto kwa pampu iliyozimwa."

"Lakini uliniambia njema."

"Nilikujibu salamu."

Bi Mwanaima alikuwa ameketi juu ya godoro, kitu pekee ambacho Luqman aliwahi kukitoa. Akaomba redio.

"Mwanangu, mimi ndiye mwenye nyumba. Wanisikia?"

"Nakusikia barabara, mama."

"Alhamdulillahi. Basi ukimaliza kuisifu redio, niletee maji."

Boza lilifika baada ya dakika arobaini. Dereva aliyamwaga maji yote juu ya majivu, maana alikuwa ameagizwa asirudi nayo. Bi Mwanaima akajitwika godoro lake akaenda kwa dadake. Katika ripoti, Mramba aliandika kwamba mawasiliano na mwathiriwa yalikuwa safi kabisa.