Kibuyu cha Matonya

Matonya wa Gulwe hakuchora kibuyu cha mtu asiyesema. Ungemletea kibuyu kizuri namna gani, ukakitua na kunyamaza kama bibi harusi, angekurudishia kitupu vilevile. Desturi yake ilikuwa moja: mwenye kibuyu anakaa juu ya ngozi ya ng'ombe, anasimulia habari zake, na yeye anatia nakshi. Ukisimulia furaha, mistari inakwenda mbio. Ukifika penye uchungu, kisu kinakata vijino vidogo vidogo. Ukimaliza anafunga duara, anapaka masizi na mafuta ya nyonyo, unachukua chako unakwenda. Watu walisema, wala hawakusema uongo, kwamba neno ukishalichoresha kwa Matonya halirudi kukusumbua.

Naye jibu lake kwa wote lilikuwa "ehee" tu. Unacheka, ehee. Unalia, ehee. Na mikono haisimami.

Sasa nikuulize wewe: mtu aliyebeba ya wenzake miaka thelathini, ya kwake amtwike nani? Hakuna aliyewahi kumwuliza, maana watu tukishatua mzigo tunakwenda zetu. Alijaribu mwenyewe, tena si mara moja. Alijifungia ndani ya nyumba yake ya tembe na kibuyu chake, akaanza kusema peke yake. Akitazama kisu, maneno yanapotea. Akiyafuata maneno, kisu kinamkata kidole. Kinyozi hajinyoi. Majirani nao asingeweza kuwaambia, kwa kuwa neno lake lilikuwa la mwaka wa njaa ya nzige, na Ugogo mambo ya njaa ile hayaulizwi. Kila nyumba ilikuwa na lake na kila nyumba ilinyamaza. Basi akazeeka nalo, mpweke kwelikweli, na kiangazi kile kikamjia kikohozi kilichomwonya kwamba siku zake zimebaki chache. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa, neno lile lipate pa kukaa nje ya kifua chake.

Ndipo akaja Stara. Huyu alikuwa mjane wa Mpwapwa, wa wale Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara, na alikuwa anangoja gari la moshi la Wadachi waliotawala wakati ule, aende Morogoro. Karani wa stesheni alikuwa amemwambia labda adhuhuri, labda alasiri. Stara akaona heri akae kibarazani kwa mzee kuliko kuungua na jua kando ya reli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kibuyu?"

"Kibuyu sina. Maneno ninayo tele, lakini nikianza utanifukuza."

Matonya akacheka, na kucheka hakukuwa kazi yake. Akamtazama vizuri. Mtu wa kupita, kesho hayupo, hamjui mtu hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Moyo ukaanza kumdunda kama wa kijana aliyekwenda kuposa.

"Leo nitasema mimi," akasema, huku akimpa kibuyu na kisu. "Wewe utachora."

"Mimi? Baba, mimi najua kusuka ukili na kupika. Nitakuharibia."

"Haribu tu. Kata mstari wowote, mradi nikisema unakata. Nikimaliza, ufunge duara."

Stara alitaka kufanya mzaha, akaona mzee hacheki tena, akaacha. Akapakata kibuyu. Matonya akakaa juu ya ile ngozi, mahali pa wateja, ambapo hakuwa amekaa hata siku moja.

"Nzige walikula mpaka maganda ya miti," akaanza. "Tulikuwa na mtoto mmoja, Nyemo, wa miaka sita. Ukapita msafara wenye chakula, ukatua hapo mtoni. Mtu wao mmoja akaniletea kibuyu, na hadithi yake ilikuwa tamu, habari za wafalme wa huko maziwani. Nikawa nachora. Mama Nyemo akaja akasimama nyuma yangu, akasema neno. Nikaitika, ehee. Akasema tena. Ehee. Nikamaliza, kibuyu kizuri sijapata kuchora tena mfano wake, wakanipa kapu la mtama. Jua linatua nauliza, Nyemo yuko wapi?"

Akakohoa kitambo.

"Mama yake akasema, si nimekuuliza? Nimekuuliza mara mbili. Wale watu wamesema watamlisha, watakwenda naye pwani, tuwape au tufe naye hapa? Nawe umesema ehee. Nikakimbia mtoni, wamekwisha ondoka. Nikawafuata siku mbili, miguu ikakataa. Mke wangu hakunigombeza, mwanangu. Heri angenigombeza. Alirudi kwao, akafia huko. Mimi mpaka leo ninaujua kila mstari wa kibuyu kile, lakini sauti ya mke wangu alivyoniuliza, siikumbuki. Ilipita hapa, nyuma ya shingo."

Akasimulia na mengine. Alivyokuwa akikagua kila msafara uliotoka pwani. Reli ilivyokuja, misafara ikaisha, akaanza kukagua madirisha ya gari, ingawa Nyemo sasa ni mtu mzima na hata akishuka leo hatamjua. Alisema mpaka koo likamkauka.

"Nimemaliza," akasema. "Funga duara."

Ncha ya kanga ya Stara ilikuwa imelowa machozi. Matonya akanyoosha mkono, akakichukua kibuyu mapajani pake, akakigeuza. Akakigeuza tena karibu na macho, akakipapasa kwa kidole gumba. Hapakuwa na mstari, hata mkwaruzo. Kisu kilikuwa chini mchangani.

"Nisamehe, baba," Stara akasema. "Nilisahau. Nilikuwa nakusikiliza."

Vibuyu vya Matonya vilikuwa katika kila nyumba toka Kilosa hadi Kilimatinde, na aliona aibu, kwa kuwa hakukumbuka hata mteja mmoja ambaye yeye aliwahi kumsikiliza hivyo. Akakiweka kibuyu kando. Kisu hakukiokota.

"Na wewe, mwanangu," akasema, "Morogoro unafuata nini?"

Stara akavuta pumzi aanze, na huko stesheni gari likapiga filimbi. Akainuka, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akachukua furushi lake akakimbia. Matonya alisimama kibarazani, mikono mitupu, mpaka gari likaishia upande wa Kidete, asijue kama mwanamke yule alikuwa anakwenda kwenye heri au kwenye msiba.