Wafu wa Mwalimu Gaudens

Mwalimu Gaudens alikuwa na tabia moja ambayo wanafunzi wake wangeijua, wangemcheka hadi likizo. Kila jioni akirudi kutoka shuleni alisimama mlangoni pake, akapiga hodi, akajijibu mwenyewe, "Karibu," ndipo akaingia. Ndani hamkuwa na mtu. Lakini binadamu akikaa miaka miwili bila kukaribishwa popote, mwishowe hujikaribisha.

Alikuwa Mngoni wa Songea, Mkristo, aliyeletwa na lori la Nachingwea mwaka 1952, wakati matrekta ya mradi wa karanga yalipokuwa yameanza kufunikwa na majani. Shule yake ya kati ilikuwa upande wa Malolo, na wanafunzi walikalia makasha ya mbao ya mradi huohuo. "Wazungu wamekosa karanga, sisi tumepata viti," watu walisema, wakacheka.

Hakuna aliyemchukia. Walimsalimu vizuri, wakamuuzia mtama, wakapita. Walijiuliza tu wao kwa wao: mwanamume wa miaka thelathini na mitano, hana mke, hana mtoto, wala hataji kwao, huyu katoka wapi? Hawakumuuliza, naye hakusema. Alikuwa na mke, Dionisia. Alikufa kwa uzazi, na mtoto wake wa kike akamfuata kabla jua halijazama. Tangu siku ya maziko Gaudens hakuwahi kulitamka jina la mkewe. Aliomba uhamisho wa mbali, akapewa wa mbali kwelikweli.

Alichobakiwa nacho ni darasa la sita, watoto thelathini na mmoja, na kipindi cha Historia. Hapo ndipo alipozungumza na watu na watu wakamjibu. Kipindi kikiisha alikuwa anafuta ubao polepole, kama mtu anayechelewa kuondoka ugenini.

Siku moja alikuwa akiwaeleza habari za Wareno na safari zao, mara Saburi, kijana wa Malolo mwenye mdomo mwepesi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao wote tumewasikia. Sisi tumo ukurasa wa ngapi?"

Darasa likacheka. Gaudens hakucheka. Alikifungua kitabu, akakifunga. Kisha akagawa karatasi, moja kwa kila mtoto, akawaambia waende nyumbani wakaulize: nani wa ukoo wao alikufa katika Vita vya Maji Maji? Waandike jina, kijiji, na ndugu aliowaacha. Wiki hiyo alitembea kifua mbele. Historia yao wenyewe, kwa mikono yao wenyewe! Alijiona mwalimu kweli.

Jumatatu walikuja tisa. Jumatano walikuja wanne, na karatasi zao zilikuwa nyeupe. Alipowauliza wenzao wako wapi, walitazama miguu yao. Sokoni, mwanamke aliyezoea kumpimia mtama alimpimia bila kumtazama usoni. Barua ilishafika kwamba mkaguzi angekuja mwisho wa mwezi, na darasa lisilo na watoto hufungwa. Lakini msomaji asidhani ni mkaguzi aliyemnyima Gaudens usingizi. Wale watoto wakiondoka, hatabaki mtu duniani wa kusema naye. Hilo tu. Aliogopa kama mtoto.

Alhamisi alimfuata Saburi kwao. Alimkuta bibi yake barazani, Bibi Mwamini, anapepeta ufuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Ungo haukusimama.

"Nimekuja kuuliza nimekosa nini."

Bibi alipepeta mara mbili tatu, ndipo akauweka ungo chini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, kila neno na kazi yake.

"Mie nilikuwa mtoto. Vita vimekwisha, njaa imeingia. Akaja karani wa Mjerumani na karatasi. Akasema, tajeni wafu wenu, na ndugu waliobaki, serikali iwape chakula. Tukataja. Mama yangu akamtaja kaka yangu Hasani, aliyekufa vitani. Akataja ndugu waliobaki. Wiki ya pili askari wakaja, wakasoma karatasi. Wakawachukua hao waliobaki. Baba yangu mdogo walimnyonga."

Gaudens aliyasikia tena maneno yake mwenyewe. Jina, kijiji, na ndugu aliowaacha. Alikuwa ameyaandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye aliwapelekea nyoka mzima, watoto wao ndio waliombeba.

"Sikujua, bibi. Nisameheni."

"Hukujua. Lakini liko jingine." Akamtazama sasa. "Kwetu mfu hatajwi kwa mdomo mkavu. Unaleta unga, unaumwaga chini, unaanza na wako. Ndipo na mwenzio anataja. Wewe umeomba wafu wetu, wako hujatuambia. Mtu asiye na wafu ni nani? Ni serikali."

Hakuna kofi ambalo lingemuuma zaidi. Alirudi nyumbani, na jioni ile hakupiga hodi.

Ijumaa baada ya swala alikwenda tena, na unga wa mtama katika bakuli. Bibi, aliyepata habari kwa Saburi, alikuwa amewaita watu, labda ishirini, na watoto wa darasa la sita nyuma yao. Gaudens aliwaza padri wa kwao angesema nini, kisha akaacha kuwaza. Alichuchumaa, akamwaga unga kidogo. Mdomo ukakataa. Watu walingoja. Hakuna aliyemharakisha.

"Dionisia," alisema hatimaye, na machozi yakatoka mbele ya wanafunzi wake. "Mke wangu. Na mtoto wetu, wa kike."

"Jina lake?" Bibi aliuliza.

"Hakuwahi kupata."

"Hatuwezi kumwita asiye na jina. Baba yake si wewe? Mpe."

Gaudens aliutazama mkono wake uliojaa unga. Miaka yote alimwita "yule", tena moyoni tu.

"Mwamini," akasema.

Bibi alikunja midomo, akatikisa kichwa, akapenga kamasi kwa pindo la kanga. "Basi ni somo yangu," alisema. Akachota unga, akaumwaga juu ya ule wa mwalimu. "Hasani, kaka yangu." Mwingine akafuata, na mwingine. Saburi alitoa penseli. Gaudens akaushika mkono wake, akaushusha. "Sikiliza tu," akamwambia.

Jumatatu walikuja thelathini na mmoja. Kipindi cha Historia ubao haukuandikwa kitu; walisimulia wao, yeye akakaa kwenye kasha pamoja nao.

Jioni alifika mlangoni pake, akasita, akaingia kimya, kwani aliona haya kuendelea na mchezo ule. Alikuwa anawasha moto aliposikia hodi. Alidhani ni kichwa chake. Ikapigwa tena.

Bibi Mwamini alikuwa amesimama nje, na sahani ya ugali iliyofunikwa kwa kawa mkononi.

"Nimekuja kwa somo yangu," alisema. "Au hapa hamkaribishi watu?"

Gaudens alifungua kinywa. Neno lile alilolisema kila jioni kwa miaka miwili lilichelewa kutoka, na bibi ikabidi angoje.