Shuka Zinaanikwa Wapi?

Kwa miaka ishirini na sita Bi Pasi alifua shuka za hoteli, na hakuwahi kulalia hata moja. Si kwamba zilikuwa haba. Kila siku zilimpitia mikononi arobaini au hamsini, na siri za wasafiri alizijua kuliko polisi: nani hula kitandani, nani hupaka nywele dawa, nani alilia usiku kucha halafu akaondoka asubuhi akichekacheka. Lakini chumba chake cha kufulia kilikuwa nyuma, karibu na mapipa ya taka, na jioni ikifika alirudi nyumbani kulala kwenye kitanda alichokitandika mwenyewe asubuhi, pembe zote nne zimekunjwa kama bahasha.

Basi meneja alipomwita akamwambia kwamba wananunua mashine mpya za kufulia, kwamba wauzaji wanatoa mafunzo ya siku mbili huko jijini, na kwamba anayekwenda ni yeye, Bi Pasi aliuliza swali moja tu.

"Nitalala wapi?"

"Chagua hoteli mwenyewe," meneja akasema. "Ila usituchagulie yenye ghorofa ishirini."

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza, maana Bi Pasi alikuwa na mdogo wake jijini. Mdogo wa kike, tumbo moja, mwenye nyumba ya vyumba vinne, mume na watoto watatu. Sasa wewe niambie: mtu mwenye ndugu jijini anakwenda kulala hotelini kwa sababu gani? Watu watasema wamegombana, au watasema ana jambo la kuficha, na katika hayo mawili hujui lipi ni afadhali.

Hawakuwa wamegombana. Tatizo lilikuwa lile la mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Bi Pasi jembe lilikuwa pasi, na hakuna aliyesubiri siku ya tatu. Mara ya mwisho alipokwenda kwa mdogo wake hajamaliza hata maji ya kunywa, akaletewa mapazia. "Dada, kwa kuwa upo." Kesho yake sare za shule. Keshokutwa shemeji mwenyewe, mtu mzima, akaja na koti la harusi lililodondokewa nta, amelibeba mikono miwili kama mtoto mgonjwa. Bi Pasi alirudi kazini siku ile kupumzika.

Alichokitaka sasa kilikuwa kidogo, na alikitaka kwa moyo wake wote. Alitaka mara moja tu katika maisha yake alale kwenye kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine, aamke, aondoke bila kugusa ndoo. Lakini mdogo wake ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Akijua kwamba dada yake alifika jijini akampita kama kituo kisicho chake, undugu wenyewe ungepata ufa, na ufa wa namna hiyo haufuliki ukatoka. Bi Pasi aliliwaza hilo siku tatu. Siku ya nne akakata shauri kunyamaza.

Mdogo alipopiga simu ya kila wiki, aliuliza, "Dada, wiki hii uko nyumbani?"

"Niko. Niende wapi mimi?"

"Huendi popote kabisa?"

"Sina pa kwenda."

"Haya, dada yangu," mdogo akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Bi Pasi hakuielewa. Ilimchoma. Alijiona mwongo mbele ya mtu anayempenda.

Kazi ya kuchagua hoteli ikaanza. Binti yake alimketisha mezani akamwonyesha picha kwenye simu: vitanda vyenye mito sita, vyoo vinavyong'aa, mabwawa ya kuogelea. Bi Pasi hakutikisika. "Picha ni picha," alisema. "Hata mimi nikipigwa upande huu ni msichana." Akataka apewe namba za simu, azungumze na watu.

Marehemu mama yao naye alikuwa mfua nguo, na aliwalea wote wawili kwa kanuni moja: nyumba usiitazame mlangoni, itazame kwenye kamba ya nguo. Kwa hiyo Bi Pasi hakuuliza bei, wala chai ya asubuhi, wala kama chumba kinatazama bustani.

"Shuka zenu mnazianika wapi?" alimwuliza wa kwanza.

"Samahani?"

"Shuka. Zikishafuliwa."

"Mama, sisi tuna bwawa la kuogelea."

"Sikuuliza mnaogelea wapi," akasema, akakata.

Wa pili alisema hajui, ngoja akaulize, akaenda kuuliza, hakurudi. Wa tatu alijibu kwa maringo kwamba shuka zao huchukuliwa na kampuni ya nje na kurudishwa zimefungwa kwenye plastiki. Bi Pasi alimkatia simu kwa huruma. Hoteli inayompa mtu baki afue shuka zake, alimweleza binti yake, ni sawa na mama anayepeleka mtoto kwa jirani akaogeshwe. Wa nne alikuwa na mashine ya kukaushia. Wa tano akasema, "Zina harufu nzuri sana, mama," na Bi Pasi akajua papo hapo kwamba wanaficha jambo, kwa sababu shuka safi haina harufu ya kitu chochote isipokuwa jua.

Kufikia wa kumi na moja binti alishachoka. "Mama, ni siku mbili tu. Hata ukilala kwenye benchi kutakucha."

"Benchi nalo linafutwa na nani?"

Ya kumi na mbili ilikuwa hoteli ndogo, ghorofa tatu, mtaa wa nyuma. Kijana wa mapokezi alijibu bila kushangaa, kama mtu aliyekwisha kuulizwa mambo ya ajabu zaidi. "Juu ya paa, mama. Zinapata jua la asubuhi. Ikifika saa sita tunazigeuza."

Bi Pasi alifumba macho. "Mnazigeuza," alirudia, taratibu.

Akachukua chumba kwa siku mbili.

Alifika Jumatano jioni akapewa namba tisa. Chumba kilikuwa na kitanda kipana, meza, kiti kimoja na dirisha linalotazama ukuta. Alifunga mlango kwa ufunguo, akanawa mikono, akaifunua shuka kama mganga anavyofunua kidonda. Akaipapasa, akainusa, akaivuta pembeni kuona mshono. Ilikuwa safi. Pindo moja lilinyooshwa na mtu mwenye haraka, lakini akasamehe, kwa kuwa yuko likizoni. Alilala saa mbili usiku. Hakuota chochote. Alipofumbua macho ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na alikaa kitandani dakika nzima akitabasamu peke yake kama mtu aliyeiba kitu na hakuna aliyemwona.

Lakini mikono haikuambiwa kwamba ni likizo. Kabla hajajua anafanya nini, kitanda kilikuwa kimetandikwa, pembe nne bahasha nne. Taulo likakunjwa sehemu tatu. Sinki likakaushwa. Mkoba wake aliubeba na vitu vyote, kwa sababu alishaona kazini jinsi vitu vya wageni vinavyopotea, na pale mapokezi, alipokuta hakuna mtu, aliutundika ufunguo kwenye msumari wake, namba tisa, mahali pake hasa. Kisha akaenda mafunzoni.

Mafunzo yalimchosha. Kijana mwenye tai alieleza kwamba mashine mpya inajua yenyewe shuka ni chafu kiasi gani. Bi Pasi alimwuliza inajuaje, kijana akasema ina kihisio, Bi Pasi akasema hata yeye anacho na hakichomekwi ukutani. Saa kumi alasiri alirudi hotelini miguu ikimwuma, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

Kijana wa mapokezi alimtazama kama anayetazama marehemu.

"Mama, wewe hukulala hapa."

"Nililala."

"Mhudumu wa vyumba amesema kitanda hakikuguswa. Hakuna mzigo, sinki kavu, ufunguo uko mahali pake. Tukajua umepata ndugu zako ukaenda kwao. Wengi hufanya hivyo."

"Nilikitandika mwenyewe."

Mhudumu wa vyumba akaitwa, mama mmoja mwenye aproni ya buluu. Alimtazama Bi Pasi mikononi kwanza, halafu usoni. "Wewe ndiye uliyekunja zile pembe?" aliuliza. "Dada, mimi nina miaka kumi na tatu kwenye kazi hii na sijui kuzikunja vile. Nilisimama nikazitazama."

Bi Pasi alikuwa amejiandaa kugomba, na maneno alishayapanga mdomoni. Sasa yalimwishia. Katika miaka ishirini na sita hakuna mtu wa fani yake aliyewahi kumsifu, na hii sifa ya kwanza ndiyo iliyomtoa chumbani.

"Basi nipeni chumba changu," alisema, kwa sauti iliyokwisha kulainika.

"Tumempa mgeni mwingine," kijana akasema, akikuna shingo. "Na vyumba vingine vyote vimejaa. Lakini ni mgeni wetu wa siku zote, mama mpole sana. Huja kila baada ya miezi michache. Twende tumwombe."

Wakapanda ngazi. Kijana akabisha hodi namba tisa.

"Nilisema nisisumbuliwe," ikajibu sauti ya ndani.

Bi Pasi aliijua sauti ile tangu siku ilipotoa kilio chake cha kwanza. Akausukuma mlango mwenyewe.

Katikati ya kitanda, saa kumi na robo ya alasiri, alikuwa amekaa mdogo wake. Gauni la kulalia, nywele hazijachanwa, pakiti ya biskuti mapajani, na shuka ile ya jua la asubuhi imejaa makombo mpaka kwenye foronya. Walitazamana. Mdogo akameza biskuti iliyokuwa mdomoni.

"Dada," alisema, "mgongo vipi?"

"Mgongo gani?"

"Mnafahamiana?" kijana wa mapokezi akauliza.

"Tumbo moja," Bi Pasi akasema, na kijana, ambaye hakuwa mjinga, akashuka ngazi mbili mbili.

Njia ya mwongo ni fupi, na za waongo wawili zilikuwa zimekutana chumba namba tisa. Mdogo ndiye aliyeanza kukiri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na makombo. Aliwaaga nyumbani kwake kwamba anakwenda kumuuguza dada yake, mgongo umemkaza. Hii ilikuwa mara ya nne.

"Nimeugua mara nne?"

"Mara ya pili ulilazwa."

"Na hakuna aliyeniletea hata chungwa."

"Shemeji yako alitoa. Nilikula mimi, hapa hapa." Mdogo akainamisha kichwa. "Nilimwuliza yule kijana shuka wanaanika wapi, akasema juu ya paa. Nikajua hapa nitalala. Na wewe uliniambia huna pa kwenda."

"Nilikuja mafunzoni. Nikakuficha." Bi Pasi alisikia hasira na aibu vikimpanda kwa pamoja, akachagua hasira. "Ningefanyaje? Nikija kwako nafua. Mapazia, sare, koti la nta. Mgeni gani anayelazwa na pasi?"

"Nakuletea kwa sababu unatafuta!" Mdogo alitupa pakiti pembeni. "Unadhani nafurahi? Ukija, dada, mimi nafua wiki nzima kabla hujafika. Nasugua hadi chini ya friji. Halafu unaingia, hata hujasalimia vizuri, macho yako yanakwenda kwenye kamba. Nikikwambia kaa, unakaa ukingoni kama unangoja kuitwa jina. Siku moja nikakupa mapazia ukachangamka, ukaimba. Nikasema basi, hilo ndilo linalompendeza. Tangu hapo natafuta nguo chafu kwa majirani, ili mradi usichoke kukaa kwangu."

"Kwa majirani?"

"Koti lile la nta si la mume wangu."

Bi Pasi aliuweka mkoba chini.

"Miaka yote hii umekuja kwangu," mdogo akasema, na sasa sauti ilikuwa imepungua, "sijawahi kukuona umekaa. Nikawa nafikiri hunipendi, unapenda kazi. Nikasema bora nije huku nikae na dada yangu wa uongo, yule mgonjwa. Huyo angalau hulala, nami hukaa kando yake."

Hayo yaliingia mahali ambapo sabuni haifiki. Bi Pasi alitazama kiti, akatazama kitanda chenye makombo. Vidole vilimwasha kuikung'uta ile shuka. Akavua viatu, akapanda kitandani, akakaa juu ya makombo.

Simu yake ikalia mkobani. Alikuwa shemeji.

"Pole, dada," shemeji akasema. "Mwenzako amezima simu, nikaona nikupigie wewe. Mgongo unaendeleaje?"

Mdogo alikuwa amejifunika mdomo kwa foronya. Bi Pasi hakuwa mzoefu wa uongo wa namna hii, lakini alijitahidi kuugua. "Unauma," alisema. "Hasa nikiinama."

"Pole sana. Amefika salama?"

"Amefika. Yuko hapa, ananikanda."

"Mwambie nyumbani wazima, ila soksi za watoto hatuzioni, na yule kitinda mimba anamlilia. Hawezi kurudi kesho?"

Bi Pasi alimgeukia mdogo wake. Kope zilikuwa zimemvimba kwa usingizi, na kwenye shavu kulikuwa na alama ya mkunjo wa foronya. Alikuwa akingoja, kama alivyokuwa akingoja zamani mama alipouliza nani kavunja sahani, na dada mtu ndiye wa kujibu.

"Mwache kidogo, shemeji," Bi Pasi alisema. "Bado namhitaji."

Katika yote aliyomwambia shemeji alasiri ile, hilo peke yake halikuwa uongo. Mdogo wake akaondoa foronya mdomoni, akasogea ukutani kumpisha alale.