Mashavu ya Rachael

Rachael alikuwa msusi Ruiru, na msusi hushinda mbele ya kioo. Kwa hiyo aliuona uso wake ukivimba siku baada ya siku. Pumu ilikuwa imemlaza hospitalini mara mbili mwaka huo, hata inhela ikashindwa, ndipo daktari akamwandikia vidonge vya steroidi vya kila asubuhi. Pumzi ilirudi. Lakini mashavu yalijaa, akawa na uso wa mviringo asioujua, na wateja wakaanza kumpongeza.

"Maisha imekukubali, Rachael. Ama tunangoja mgeni?"

Alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni.

Ruracio ya mdogo wake, Wangeci, yaani sherehe ya mahari, ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwao Thika. Picha zingepigwa. Wiki moja kabla, Rachael akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Mumewe, Khisa, angemkataza.

Alhamisi asubuhi alitapika. Miguu ikamlegea, kifua kikaanza kupiga mluzi. Khisa alimkuta jikoni, ameketi sakafuni, maneno yakimtoka moja moja.

"Niliacha... dawa."

Khisa hakuuliza sababu. Alimbeba mpaka kwenye teksi.

Hospitalini alichomwa sindano ya steroidi, akawekewa dripu na mvuke wa dawa. Alipotulia, daktari akavuta kiti.

"Mwili hujitengenezea homoni hii. Ukimeza vidonge kwa miezi, mwili unazembea kuitengeneza. Ukikatiza ghafla, unabaki bila homoni kabisa. Tutapunguza pamoja, polepole, na uso utarudi."

Daktari alipoondoka, Rachael aligeukia ukuta.

"Sikutaka nionekane hivi kwa picha."

Khisa, mchomeleaji wa mageti, hakuwa mtu wa maneno.

"Mwezi wa nne nilikuwa silali, nasikiliza kama unapumua," alisema. "Mimi nikiona hayo mashavu, najua uko. Sijui nikuambie aje ingine."

Rachael akautafuta mkono wake bila kugeuka.

Jumamosi hakuruhusiwa kutoka. Jumapili Wangeci akaja wodini, amevaa tena gauni lake la ruracio, na bakuli la njahi, maharagwe meusi ya sherehe, mkononi. Akapanda kitandani, akabana shavu lake kwenye la dadake.

"Shemeji, tupige picha," alimwambia Khisa, akimpa simu yake.

Rachael aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akaomba atumiwe kwa simu yake. Kisha akaulizia kijiko.