Siku Mwaura Alipoachilia Mkono

Aprili ya 2017, joto likianza kuuma Doha, Qatar, walikofanya kazi, fundi wa kompyuta aitwaye Mwaura alisafiri na mchumba wake Milka, muuguzi, na rafiki yao Wayne, kwenda kutembea kwenye milima ya nchi ya Georgia. Wiki nzima kabla ya safari Mwaura alijigamba.

"Mimi ni wa Nyeri. Mlima Kenya nimeuona tangu utotoni. Mambo ya theluji mniulize mimi."

Hakusema kwamba aliuona kwa mbali tu, wala hajawahi kuupanda.

Kule mlimani theluji ilikuwa inayeyuka. Njia ilikuwa tope tupu, na maji yalisikika yakikimbia mahali yasipoonekana. Walifika penye kijito kilichofunikwa na theluji kutoka ukingo hadi ukingo. Wayne akataka warudi chini, wavukie daraja la mbao walilolipita.

"Turudi ya nini? Hii imeshikana," Mwaura akasema. Akamshika Milka mkono, wakatangulia.

Katikati theluji ikapasuka. Milka akazama hadi kiunoni, mguu umenasa kati ya mawe, maji yanamvuta.

"Mwaura, usiniachilie!"

Alikuwa bado amemshika. Kisha akahisi theluji ikididimia chini ya viatu vyake mwenyewe. Akauachilia ule mkono, akakimbia. Alipogeuka alikuwa amesimama penye nyasi kavu, na Wayne amelala kifudifudi juu ya theluji, akimvuta Milka kwa mikanda ya begi alilobeba mgongoni.

Hakuna aliyemlaumu. Waliteremka, Milka akimwegemea Wayne.

Waliporudi, Ijumaa iliyofuata, siku ya mapumziko Qatar, baada ya ibada kanisani, Wakenya wenzao walikutana nyumbani kwa Carolyne, mmoja wao, huko Muaither, pembezoni mwa Doha. Milka alikuja kwa magongo, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji.

"Kwani ilikuwaje, dada?" Carolyne akauliza.

"Niliteleza mtoni. Mwaura akanivuta."

Watu wakapiga makofi. "Huyo sasa ndiye mwanamume!" Mtu akamjazia Mwaura chai. Wayne akainamia simu yake. Mwaura akakishika kikombe, uso unamwaka, akashindwa kukifikisha mdomoni.

"Si mimi," akasema. "Ni Wayne aliyemvuta. Mimi nilimwachilia nikakimbia."

Carolyne akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Nje, penye gari, Milka akamgeukia kwa hasira.

"Nani alikutuma useme?"

"Ningewezaje kunyamaza wakinisifu?"

"Na unadhani nilidanganya kwa ajili yako? Ni mimi niliyeona haya, Mwaura. Nilishamwambia mamangu nimepata mtu."

Akafungua mlango wa nyuma, akaunyoosha mguu wake juu ya kiti. Mwaura akaendesha hadi Al Wakrah, mji alikoishi Milka. Hakujua kama Milka amekaa nyuma kwa sababu ya mguu, na hakuthubutu kuuliza.

"Usinipigie," Milka alisema akishuka. "Nikiweza, nitakupigia mimi."

Milka alipiga simu mwezi wa Ramadhani ukielekea ukingoni.

"Umemwambia mama yako kwamba uliniachilia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama nimekuomba msamaha."

"Na hujaniomba."

"Sijakuomba," Mwaura akasema. "Nimeshindwa hata kujua pa kuanzia."

"Njoo Ijumaa," Milka akasema. "Utaanzia hapo hapo uliposhindwa. Lakini usije na maua."