Majabali ya Nyuma ya Kibanda cha Chipsi

Mama alikuwa haoni tena, lakini safari ya majabali ya baharini aliiomba mwenyewe. "Nipeleke mpaka ukingoni, mwanangu. Macho yamekwenda, ila uso ninao. Nataka upepo na matone ya mawimbi, basi."

Bintiye, msusi mwenye maneno mengi kuliko rasta anazosuka, akakubali. Akavaa viatu vya visigino kwa ajili ya picha. Visigino, kwenye mawe! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, naye kazi yake kusuka za wenzake.

Walipoegesha gari, akaiona njia ya kupanda juu, ndefu na mawe matupu. Walipanda kidogo tu, kisigino kikateleza, mama akamwangukia begani. Msusi akasonya. Akamgeuza mama taratibu, akamrudisha chini, akamsimamisha nyuma ya kibanda cha chipsi, penye jenereta lililokuwa likinguruma.

"Tumefika, mama."

"Hiyo ndiyo bahari?"

"Ndiyo. Leo imechafuka kweli. Majabali yamesimama wima, ndege wamejaa. Usisogee, tuko ukingoni kabisa."

Mama akavua mtandio, akainua uso kuungoja upepo. Ulimjia moshi wa mafuta ya kukaangia. Akalamba midomo yake polepole.

"Haya," akasema. "Nashukuru, mwanangu. Twende."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kweli kweli. Msusi aliendesha gari akipiga soga, akijiambia mama karidhika, yamekwisha.

Jioni shangazi akaja kuwatembelea, msusi akawa anamimina chai.

"Haya wifi, huko baharini kulikuwaje?"

"We acha tu!" mama akasema. "Mwanangu kanishika mkono mpaka ukingoni. Nasikia visigino vyake vinateleza kwenye mawe, lakini hakuniachia. Uso wote ulilowa maji ya chumvi."

"Una bahati wewe. Wangu hata simu hapigi."

Chai ikamwagikia sinia. Msusi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Angesemwa angejibu, mdomo anao. Kwa sifa zile akabaki kufuta sinia.

Mama akanyoosha mkono kutafuta kikombe, mtandio wake ukinuka chipsi. Alipopewa, akavishika vidole vya bintiye, akamvuta karibu na kumnong'oneza.

"Siku nyingine, mwanangu, uvae raba."