Kufuli Chini ya Neno

Jumamosi, baada ya kukunja shati la mwisho la mteja, mama mpiga pasi aliazima bisibisi kwa jirani akaung'oa mlango wake wa mbele. Skrubu za bawaba ya juu zilitoka bila matata. Za chini zilikuwa na kutu, ikabidi azipake mafuta ya taa na kungoja. Kisha akaubeba mlango mgongoni, akauegemeza ukutani, akarudi ndani kupuliza makaa ya pasi.

"Na wezi je, mama?" jirani alimuuliza alipokuja kuchukua bisibisi yake.

"Waibe nini? Pasi? Waje waishike, ina moto."

Jirani alicheka kidogo, akaipokea bisibisi. Alijua mlango umetolewa kwa ajili ya nani.

Binti alikuwa akija kila jioni, taa za mtaa zinapoanza kuwaka. Alikuwa amekufa tangu msimu wa baridi, yeye na washonaji wenzake wa zamu ya mchana, katika moto wa kiwanda cha mashati. Alikuja na aproni yake, utepe wa kupimia shingoni, nywele zimejaa majivu. Alifika kizingitini, akaweka viganja viwili mbele yake, akasukuma. Mlango ulipokuwepo alisukuma, hata ulipoachwa wazi. Sasa mlango haupo, na bado alisukuma. Mikono yake iligota kwenye kitu ambacho watu wengine walikipita bila kukigusa. Mama alitoka, akaingia, akatoka tena, ili kumwonyesha.

"Pita, mwanangu. Si unaona pako wazi?"

Binti alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake aliye upande wa pili wa kioo. Akasukuma tena. Halafu akasema neno moja, lile lile la kila siku:

"Peccavit."

Hilo halikumshangaza mtu. Wafu wote wa kiwanda kile walisema Kilatini. Ni lugha iliyokufa, na wao ndio wenyewe sasa.

Kiwanda kilikuwa na mlango mmoja, wa chuma, nao ulifungwa kwa kufuli kutoka nje tangu zamu inapoanza hadi inapokwisha. Sababu ilikuwa uzi. Nyapara, waliyemwita Pini, aliwahi kukuta uzi mweupe ndani ya kilemba cha mshonaji mmoja, uzi wa kushonea labda sare ya mtoto, na mwenye kiwanda akaagiza kufuli. Lilinunuliwa siku ileile. Mwaka huohuo walikuwa wameomba feni, wakaambiwa wavumilie. Binti alishona kola. Aliwahi kumwambia mama yake kwamba kufuli lile likibanwa hulia kama meno. Baada ya moto ikaja tume, ikanywa chai ya mwenye kiwanda, ikaandika kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme. Umeme haukuitwa kujitetea.

Mama alilibeba lile neno hadi kwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Mtaa ulimwita Padri-Nusu, kwa kuwa aliacha seminari akiwa amebakiza kidogo tu apewe daraja, akafundisha Kilatini mpaka shule ilipoona somo hilo halina mteja. Alikuwa amekaa kitandani akishona kifungo. Alimsikiliza, akavua miwani.

"Amekosa," akasema. "Ndiyo maana yake, shemeji. Mtu mmoja amekosa."

"Mtu. Siyo umeme?"

"Umeme haukosi. Hili ni neno la mwenye akili timamu." Alisita, kwa sababu alikuwa mwalimu na mwalimu hawezi kuishia hapo. "Ingawa zamani, kabla ya makanisa, lilikuwa neno dogo tu. Kujikwaa. Farasi akizeeka akawa anajikwaa mbioni, walitumia hilohilo. Mpishi akizidisha chumvi, hilohilo. Baadaye mume akilala nje. Mwishoni tukalichukua sisi wa kanisa, tukalipandisha madhabahuni, likawa dhambi."



"Kwa hiyo mwanangu anatoka huko aliko, kila jioni, na majivu kichwani, kuja kuniambia tajiri alijikwaa?"

"La, shemeji. Wafu hawatumii maana ya farasi."

"Haya. Neno hilo dawa yake ni nini?"

"Mwenyewe aliseme. Peccavi. Nimekosa. Watu walijipiga kifua wakilisema."

"Halafu?"

"Halafu aache." Padri-Nusu akarudi kushona kifungo chake. "Hiyo ndiyo nusu ya pili. Ndiyo ngumu."

Walikwenda kiwandani pamoja. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya, na ndani cherehani zilikuwa zikiimba. Mwenye kiwanda aliwapokea vizuri, akaagiza soda.

"Pole sana, mama. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Nina neno moja nataka uliseme, mwanangu apate kuingia ndani."

Padri-Nusu akalitamka na kulieleza. Uso wa mwenye kiwanda ukachangamka.

"Kilatini! Nimekisoma hicho, mzee. Nimechapwa sana kwa ajili yake." Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akajipiga kifua taratibu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Peccavi." Kisha akamgeukia Padri-Nusu. "Nimelipatia?"

"Umelipatia," alijibu Padri-Nusu, akiangalia sakafu.

"Safi. Nitalichonga kwenye marumaru, nilitundike juu ya mlango pale. Kila mtu alione. Mimi si mtu wa kuficha."

"Na kufuli?" mama akauliza.

"Kufuli gani?"

"Lililopo mlangoni. Nimeliona nikiingia. Jipya."

"Aa, mama." Aliketi. "Hilo ni suala la uzi."

Alipowasindikiza alimwambia mama kwamba cherehani ya binti imetengenezwa, inasubiri mtu, na kwamba yeye akiitaka kazi hiyo hatamtafuta mwingine. Alilisema kwa huruma ya kweli. Watu wa aina yake wanayo huruma, tena nyingi. Hutoka nayo nyumbani asubuhi pamoja na funguo.

Jioni ile mama alifagia kizingiti, akakaa kusubiri. Binti alikuja. Safari hii hakusukuma mara moja. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, kama mtu anayesikia ufunguo ukitafuta tundu. Mama alisimama. Mikono ilikuwa imeshafunguka kumpokea.

Binti akaweka viganja. Akasukuma. Mikono iligota.

"Peccavit," akasema, polepole zaidi, kama anamfundisha mtu mzito wa kuelewa.

Marumaru iliwekwa. Waandishi wa habari walipiga picha, na mpigapicha mmoja aliomba kufuli lifunikwe na shada la maua ili herufi zionekane vizuri. Mwezi ulipokwisha mama akaenda kuchukua cherehani, kwa maana kodi ya chumba ilikuwa ikitoka kwenye kola za binti, na pasi peke yake haikuiweza.

Siku ya kwanza alisimama kati ya safu za mashine akasema kwa sauti kwamba mlango uachwe wazi. Washonaji waliinua vichwa. Pini alikuja na kufuli mkononi, hana haraka.

"Mama, ukitaka kukaa bila mlango, si ungebaki kwako? Nasikia kwako uliung'oa."

Wawili watatu walicheka, kisha wakaona haya. Pini alitoka. Kufuli likalia kama meno. Mama aliketi kwenye kiti cha mwanawe, akakuta kimeshachukua umbo la mwanawe, akaanza kushona kola.

Jioni alirudi amechoka. Binti alikuwa ameshafika, anasukuma. Mama alimpita begani, akainua mguu kuvuka kizingiti cha nyumba yake isiyo na mlango, na goti lake likagota. Akanyoosha mkono. Akanyoosha na wa pili. Palikuwa pamefungwa.

Binti alisogea kidogo kumpa nafasi.

Walisukuma pamoja hadi giza lilipoingia. Jirani aliwaona, akaja. Yeye alipita katikati yao bila shida, akaingia ndani, akatoka na mkeka, akarudi akatoa sufuria na blanketi.

"Na pasi, mama? Nikutolee?"

"Iache. Imeshapoa."

Asubuhi mama aliamka hapohapo nje, akanawa uso, akaenda kazini. Mlango wa kiwanda ulimpokea bila matata. Alipita chini ya marumaru, na Pini akabana kufuli nyuma yake.